Nani Ameshika Kamera? Historia Fupi ya Kuhifadhi Lugha za Ishara

Hebu jaribu hii. Mwandikie rafiki yako kwenye WhatsApp namna ya kufunga kamba za viatu. Maneno matupu: hakuna picha, hakuna video, hakuna ujumbe wa sauti. Utajaza skrini nzima, na bado atakuuliza, "Sasa hiyo kamba ya kushoto inapita juu ama chini?"

Hiyo ndiyo shida ambayo lugha za ishara zimeishi nayo tangu zianze. Kiswahili ukikiandika kinabaki. Mtu aliyetunga utenzi wake pale Pate au Lamu miaka 200 iliyopita, kama uliandikwa, leo bado unasomeka. Lakini mzee kiziwi aliyekuwa fundi wa kusimulia hadithi kwa mikono yake, siku akizikwa, hadithi zinazikwa naye. Si ati hakuwa na lugha. Alikuwa nayo kamili, ina sarufi, ina utani, ina matusi, ina mashairi. Kilichokosekana ni mahali pa kuiweka.

Video ilileta mahali hapo. Halafu intaneti ikafanya mahali hapo pawe pa watu wengi: leo kuna zana za mtandaoni ambapo mtu anajirekodi akitoa ishara, mwingine anaongeza maana, mwingine kutoka mji wa mbali anasema, "Huku kwetu tunaifanya hivi." Wasee wengi wakisikia hivyo wanadhani stori imeisha. Teknolojia imefika, shida imekwisha, tuendelee na maisha.

Mimi nasema ngoja kidogo. Ukifuatilia hii historia ya miaka zaidi ya 100, utaona swali gumu halikuwahi kuwa la mashine. Swali lilikuwa, na bado ni: nani ameshika kamera, na nani ameachwa nje ya picha?

Kura ya Milan

Septemba 1880, walimu na wakuu wa shule za viziwi walikutana mji wa Milan, Italia. Wajumbe walikuwa 164. Kiziwi kati yao alikuwa mmoja tu, James Denison kutoka Marekani. Wakapiga kura kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa kusema na kusoma midomo, na ishara zitolewe madarasani.

Soma tena hizo namba. Mkutano wa kuamua lugha ya viziwi, na kiziwi ni mmoja.

Matokeo yalikuwa mabaya. Shule nyingi za Ulaya na Marekani zilifuata uamuzi huo. Walimu viziwi wakapoteza kazi, kwa sababu nani angemwajiri mwalimu kiziwi afundishe kusema? Watoto waliadhibiwa kwa kutumia mikono. Lugha haikufa, lakini ilihamia bwenini, uani, na usiku mwalimu akishalala. Ilichukua miaka 130 kabla mkutano wa kimataifa wa aina hiyohiyo, uliofanyika Vancouver mwaka 2010, kuyakataa rasmi yale maazimio.

Usidhani hii ni stori ya wazungu tu. Shule za kwanza za viziwi hapa Kenya zilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kule Nyang'oma na Mumias, na zilikuja na imani ileile kwamba mtoto kiziwi lazima afundishwe kusema. Kwa hiyo mabweni yetu pia yakawa ndiyo shule ya kweli ya lugha. Mtoto mkubwa anamfundisha mdogo, na mwalimu hajui kinachoendelea.

Lugha inayoishi kwa kujificha haina kamusi. Haina maktaba. Iko tu kwenye mikono ya watu, na watu wanazeeka.

Dola 5,000 na mashine mpya

Watu walikuwa wamejaribu karatasi. Mwaka 1856 Pierre Pélissier, mwalimu kiziwi wa Paris, alitoa kitabu chenye michoro ya ishara za Kifaransa: mtu amesimama, mikono imewekwa hivi, mishale midogo inaonyesha mkono unaelekea wapi. Kazi nzuri sana. Lakini mchoro ni mchoro. Unakuonyesha mkono ulianzia wapi na uliishia wapi. Mwendo wenyewe, kasi yake, uso wa anayetoa ishara, vyote vimeganda. Ni kama kujaribu kujua ngoma inavyochezwa kwa kuangalia picha ya harusi.

Halafu sinema ikazaliwa. Na hapa ndipo anaingia jamaa anayeitwa George Veditz.

Veditz alizaliwa akisikia, akawa kiziwi akiwa na umri wa miaka minane baada ya kuugua. Kuanzia 1904 hadi 1910 alikuwa rais wa chama cha kitaifa cha viziwi Marekani. Aliona hatari wazi: shule zimefukuza ishara, na wazee waliokuwa mabingwa wa lugha wanaisha mmoja mmoja. Sasa fikiria, sinema wakati huo ilikuwa kitu kipya, ilikuwa burudani ya kulipia senti chache uone treni ikipita. Lakini yeye na wenzake wakaona kitu ambacho watu wanaosikia hawakuona. Kwa mara ya kwanza duniani kuna mashine inayoweza kuandika lugha yao.

Wakachanga. Viziwi kutoka kona zote za Marekani walitoa pesa kwenye mfuko wa picha za sinema, lengo likiwa dola 5,000. Kwa muda wa kama miaka kumi kuanzia 1910 wakarekodi hotuba, hadithi, kumbukumbu, hata vichekesho. Mwaka 1913 Veditz mwenyewe akasimama mbele ya kamera, suti safi, akatoa hotuba ya dakika chache kuhusu kuhifadhi lugha ya ishara. Hakuna sauti hata moja. Anaukemea uamuzi wa Milan na anawaambia wenzake kwamba filamu hizi ndizo zitakazofikisha lugha yao kwa vizazi vijavyo.

Hakukosea. Mwaka 2010 Maktaba ya Bunge ya Marekani iliiweka hotuba hiyo kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa milele kama urithi wa taifa. Wanaisimu kama Ted Supalla wamezitumia filamu hizo kuonyesha jinsi ishara za Marekani zilivyobadilika kwa miaka, kama vile sisi tunavyolinganisha Kiswahili cha tenzi za kale na cha leo. Na leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, wewe mwenyewe unaweza kumtazama Veditz kwenye simu yako.

Ukiangalia vizuri, hii ilikuwa kazi ya pamoja kabla ya intaneti. Walichanga pamoja, wakachagua pamoja, wakasambaza mikanda kutoka klabu moja ya viziwi hadi nyingine. Na kilichofanya ikawezekana si kamera peke yake. Kamera zilikuwa na watu wengine pia. Tofauti ni kwamba hizi zilishikwa na viziwi wenyewe.

Lakini nani hakuonekana?

Sasa tusimgeuze Veditz malaika. Angalia waliorekodiwa: wazungu, karibu wote wanaume, wengi wao wasomi na viongozi. Kuna mwanamke, Mary Williamson Erd, aliyerekodiwa mwaka 1913 akisimulia shairi kwa ishara. Viziwi weusi? Hawapo.

Na si kwamba hawakuwepo Marekani. Katika majimbo ya kusini, watoto viziwi weusi walitengwa kwenye shule zao. Kwa sababu walitengwa, na kwa sababu shule nyingi za weusi hazikuhangaika sana na ile sera ya kulazimisha kusema, walikuza ishara za namna yao: mikono miwili pale wengine wanapotumia mmoja, nafasi kubwa zaidi mbele ya mwili, maneno yao wenyewe.

Carolyn McCaskill, kiziwi mweusi kutoka Alabama, alipitia hii. Shule zilipounganishwa mwaka 1968 alijikuta darasani na wazungu, na hakuelewa mwalimu anasema nini kwa mikono yake. Jimbo moja, uziwi uleule, lugha haishikiki. Alikua akawa profesa wa Chuo Kikuu cha Gallaudet, na yeye na wenzake wakaenda kusini wakiwa na kamera kuwarekodi wazee waliosoma kwenye zile shule za utengano. Kitabu chao kilitoka mwaka 2011, pamoja na video.

Hesabu mwenyewe. Filamu za Veditz, kuanzia 1910. Kitabu cha kina McCaskill, 2011. Karne nzima katikati. Kwa muda huo wazee wangapi waliondoka na ishara zao?

Hapo ndipo somo la kwanza liko. Anayeshika kamera anachagua. Anaweza kuwa mtu mzuri, anaweza kuwa yeye mwenyewe amedhulumiwa, na bado akawasahau wengine waliodhulumiwa zaidi.

Ishara ina vipande

Tatizo la pili ni hili. Sawa, una video 3,000. Utaipataje unayoitaka?

Kamusi ya Kiswahili unafungua kwa herufi. Lakini umeona ishara barabarani, hujui maana yake, utaitafuta kwa herufi gani? Kamusi nyingi za ishara, hata za leo, zinakulazimisha uanze na neno la Kiingereza halafu upate ishara. Ni kama mtu akupe kamusi ya Kiswahili ambayo lazima kwanza ujue Kichina.

Aliyelifungua hilo fundo ni William Stokoe, mwalimu wa Kiingereza pale Gallaudet. Alikuwa anasikia, na wenzake wengi, viziwi kwa wanaosikia, walidhani amechizi kidogo kuchunguza "mambo ya mikono" kama lugha. Mwaka 1960 alichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba ishara haiji kama picha nzima. Ina vipande: umbo la mkono, mahali mkono ulipo mwilini, na mwendo. Ukibadilisha kipande kimoja, maana inabadilika, vilevile kama "pata" na "bata" zinavyotofautiana kwa sauti moja tu.

Mwaka 1965 yeye na wenzake wawili viziwi, Dorothy Casterline na Carl Croneberg, walitoa kamusi iliyopangwa kwa vipande hivyo, si kwa herufi za Kiingereza. Na hapa kuna kitu watu husahau. Croneberg alitembea akaona jinsi ishara zinavyotofautiana toka eneo moja hadi jingine, na akaandika humo kwamba viziwi weusi wa kusini wana namna yao. Hiyo ni 1965. Kumbe kiziwi alikuwa tayari amewaambia. Hawakumsikiliza tu.

Na huku nyumbani

Kenya tuliingia kwenye hii kazi miaka ya 1980. Viziwi wenyewe waliunda chama chao cha kitaifa, KNAD. Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya, watafiti wakiwemo marehemu Profesa Okoth Okombo, ambaye aliwaambia wasomi wenzake bila kuona haya kwamba hii ni lugha kama lugha nyingine yoyote. Kamusi ikatoka. Ya karatasi, yenye michoro na mishale. Pélissier wa 1856 angeitambua mara moja.

Halafu likaja jambo kubwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 120, inasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kifungu cha 7 kinaipa serikali jukumu la kuikuza. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara. Manze, nchi nyingi tajiri hazina hiyo kwenye katiba zao. Hata kabla ya hapo, sheria ya 2003 ya watu wenye ulemavu ilikuwa imezitaka stesheni za runinga ziweke mkalimani wa ishara au maandishi kwenye taarifa za habari. Kile kidirisha kidogo kwenye kona ya skrini, ambacho wengi wetu tunakiona kama pambo, kina sheria nyuma yake.

Lakini haki kwenye katiba na neno kwenye kamusi ni vitu viwili. Bunge likijadili mfumko wa bei, deni la taifa ama akili bandia, mkalimani anahitaji ishara ambayo kiziwi wa Kisumu na kiziwi wa Mombasa wote wataielewa. Na ishara za magharibi mwa nchi na za Pwani hazifanani zote. Hilo si kosa. Kiswahili cha Mombasa na cha Nairobi pia si kimoja, na hakuna anayelia. Swali ni: tunaziweka wapi zote, kila moja na jina la kwao?

Wakati wa mikono mingi

Hapa sasa ndipo intaneti inaingia.

Mwaka 2006, mji wa Örebro nchini Sweden, ulianzishwa mradi unaoitwa Spread the Sign. Wazo ni rahisi: neno moja, na unaona video ya ishara yake katika lugha za nchi mbalimbali. Ulianza na nchi chache za Ulaya, leo una lugha za ishara zaidi ya 40. Ukiwa na ndoto kwamba lugha ya ishara ni moja dunia nzima, dakika tano pale zinakuamsha.

Karibu na mwaka 2010, Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani kilijenga kitu tofauti, ASL-STEM Forum. Shida yao ilikuwa ya sayansi. Mwanafunzi kiziwi anasoma biolojia, peke yake darasani. Neno gumu halina ishara, kwa hiyo yeye na mkalimani wake wanatunga moja. Muhula unaisha, wanaachana, ishara inapotea. Mwaka unaofuata, chuo kingine, mwanafunzi mwingine anaanza upya kutoka sufuri. Mradi uliweka orodha ya istilahi za sayansi, na yeyote aliyekuwa na ishara angeweza kupakia video yake, wengine wakaijadili na kuilinganisha na nyingine. Hawakuteua kamati ya kuamua. Waliacha lugha ikue vile lugha hukua, kwa watu kutumia, isipokuwa sasa watu hao walikuwa wanaonana hata wakiwa mbali.

New Zealand walienda hatua zaidi. Lugha yao ya ishara ilifanywa rasmi kwa sheria mwaka 2006. Mwaka 2011 chuo kikuu cha Wellington kikatoa kamusi ya mtandaoni ambapo unaweza kutafuta kwa umbo la mkono na mahali pa ishara. Ndoto ya Stokoe imekuwa kitufe. Baadaye wakaongeza jukwaa la NZSL Share, ambapo jamii yenyewe inapakia ishara mpya, inajadili, na watu wanaonyesha kama wanakubali au hawakubali. Kamusi inabaki na uzito wake wa kitaalamu, na pembeni kuna uwanja wazi ambapo ishara changa zinacheza.

Wafaransa nao wana Lingua Libre, mradi wa Wikimedia France. Ulianza kama zana ya kurekodi sauti: unaandaa orodha ya maneno, zana inakuonyesha moja baada ya jingine, wewe unasema tu, yenyewe inakata na kupakia. Halafu wakaongeza video kwa ajili ya ishara. Kutoka hapo ikatengenezwa SignIt: unaiweka kwenye kivinjari, unasoma ukurasa wowote wa Kifaransa, ukikwama kwenye neno unalichagua, na video ya ishara yake inatokea palepale. Kwa kijana kiziwi ambaye Kifaransa cha maandishi kwake ni lugha ya pili, hiyo si mchezo.

Ukiangalia hizi zana zote kuna kitu kimoja. Kila moja inatatua shida ambayo viziwi wenyewe waliitaja. Zile ambazo zimebuniwa na watu wanaosikia kwa kukisia, kama glavu za "kutafsiri ishara" zinazosifiwa kila baada ya miaka michache, huishia kwenye vichwa vya habari. Glavu inasoma vidole. Haisomi nyusi. Na katika lugha nyingi za ishara, nyusi ndizo zinazokuambia kama hiyo ilikuwa kauli au swali.

Uso hauna jina la bandia

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo haipendwi.

Ukiandika kwenye Wikipedia, unaweza kujiita SimbaWaKayole254 na hakuna atakayekujua. Ukirekodi ishara, uso wako uko pale. Huwezi kuufunika, kwa sababu uso ni sarufi. Ukiweka ukungu usoni ni kama kufuta nusu ya sentensi. Kwa hiyo kila anayechangia lugha ya ishara anachangia na sura yake.

Na miradi ya wazi kama ya Wikimedia hutumia leseni zinazomruhusu mtu yeyote kutumia tena hiyo video, hata kwa biashara. Hilo ni zuri kwa elimu. Lakini pia maana yake sura yako inaweza kuishia kwenye tangazo, au kufundishia mashine ya akili bandia ambayo kesho itauzwa kwa stesheni ya runinga badala ya mkalimani. Jamii ya viziwi ni ndogo. Kila mtu anamjua kila mtu. Kusema "si ulikubali masharti" haitoshi, hasa kama masharti yenyewe yaliandikwa kwa Kiingereza kirefu.

Kuna waliolifikiria hili vizuri. Kati ya 2008 na 2011 watafiti wa Uingereza walirekodi viziwi 249 katika miji minane. Waliowakusanya na kuwarekodi walikuwa viziwi wa maeneo hayohayo, watu wanaofahamika. Hadithi ziliwekwa wazi kwa kila mtu, lakini mazungumzo ya kibinafsi yalifungwa, watafiti waliojisajili tu ndio wanaoyaona. Mlango una viwango. Si lazima uwe wazi wote ama ufungwe wote.

Na utafiti huohuo ulionyesha kitu cha kutia wasiwasi. Vijana wanaacha ishara za kienyeji, kwa mfano za namba, ambazo kila mji ulikuwa na zake. Shule za viziwi zimefungwa nyingi, watu wanasafiri, wanatazama video zilezile. Kwa maneno mengine, mtandao unaohifadhi lugha unaweza pia kuisawazisha. Ishara moja ikipata laiki nyingi, ile ya kijiji inaonekana ya kizamani, hata kama ilikuwepo kwanza. Kura ya wengi ilitumika Milan pia, usisahau.

Msimamo wangu

Mimi nasikia, kwa hiyo sitaki kuwafundisha viziwi namna ya kulinda lugha yao. Wamekuwa wakiilinda tangu kabla ya kina Veditz, bila kutuomba ruhusa. Ninachosema nawaambia vijana wenzangu wanaosikia, wale wenye simu nzuri, ujuzi wa kuandika programu, na hamu ya kutengeneza kitu chenye maana.

Kwanza, usianze na programu. Anza na watu. Nenda kwa chama cha viziwi cha kaunti yako uulize wanachohitaji ni nini. Inaweza kuwa hawahitaji programu yako kabisa. Inaweza kuwa wanahitaji bando, taa mbili, stendi ya kamera, na mahali pa kuhifadhi video pasipofungwa siku mfadhili akiondoka.

Pili, wazee kwanza. Istilahi za akili bandia zinaweza kusubiri mwaka mmoja. Mzee aliyesoma Mumias au Nyang'oma miaka ya 1960 hawezi kusubiri. Yeye ndiye anayejua ishara zilizotungwa bwenini, za kumficha mwalimu. Akienda, hizo hazirudi.

Tatu, kila ishara iandikwe ya wapi na ya kizazi gani. Ya Kisumu ibaki ya Kisumu. Ya Mombasa ibaki ya Mombasa. Kamusi nzuri haimwambii mtu bibi yake alikosea.

Nne, anayeonekana kwenye video awe na sauti ya mwisho, akubali kwa lugha yake mwenyewe, yaani kwa ishara, na aweze kubadilisha nia.

Na tano, tuache neno "bubu". Bado naliona kila siku mtandaoni. Mtu mwenye lugha rasmi ya Bunge la nchi hii si bubu. Wewe ndiye hujajifunza kumsikiliza.

Wakati wa Veditz ilibidi viziwi wa nchi nzima wachange ndio wapate kamera. Leo kamera iko kwenye mfuko wa kila mtu kwa matatu unayopanda. Kwa hiyo hatuwezi tena kusingizia vifaa. Kama hadithi za wazee viziwi wa Kenya zitapotea miaka 20 ijayo, itakuwa ni kwa sababu tulikuwa tunajirekodi wenyewe. Ukimjua mzee mmoja kiziwi, na ukimjua kijana mmoja kiziwi anayependa video, wakutanishe wiki hii. Halafu mpe yule kijana simu yako, na ukae kando.